Kabla hujauliza bei ya baiskeli, funga mzigo kwanza

Najua nimepotea. Zamu za usiku zimenikaba, mtoto ana mitihani, na sababu nyingine niseme tu ukweli, ni uvivu wa kuandika. Lakini juzi nilipata ujumbe ulioniondolea usingizi, nikasema hili nisilijibu pembeni. Nitalijibu hapa hapa ili na wengine mchangie.

Kijana mmoja wa Kitanzania anayeishi mji wa jirani ameniandikia. Anataka kuendesha baiskeli kutoka Land's End, kule kwenye ncha ya kusini magharibi ya Uingereza, mpaka John o'Groats, juu kabisa Uskoti. Anataka kuondoka Juni, yaani wiki kumi kuanzia sasa. Ametunza paundi 1,800 na swali lake ni moja tu: "Kaka, ninunue baiskeli gani?" Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akaongeza kwamba ameshaanza kuchangisha watu. Fedha ni za kujenga vyoo vya wasichana kwenye shule ya kijijini kwao. Mpaka siku ile ahadi zilikuwa zimefika paundi 900 na ushee.

Nikamuuliza, na mazoezi je? Akasema anakwenda kazini kwa baiskeli kila siku. Maili 4 kwenda, maili 4 kurudi.

Jamani! Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikanikwama kooni, kwa sababu kijana huyu ni mimi mwaka 2022. Kila alichokifanya nilikifanya, mpaka kile cha kuchangisha kabla ya kujua kama miguu inaweza. Kwa hiyo maoni yangu nayasema mapema, atakayetaka kunipinga ajiandae: swali la baiskeli gani ni la mwisho. La kwanza ni hili: ulifunga mzigo lini mara ya mwisho, ukaendesha nao siku tatu mfululizo? Na kama hujawahi, basi usipokee hata senti moja ya mtu.

Kwa wasioijua njia yenyewe niwape picha. Kwa barabara ya kawaida ni maili 874, kama kilomita 1,400. Lakini wengi wetu tunaokwenda na mizigo hukwepa barabara kubwa zenye malori, tukizungukazunguka vijijini, hivyo inafika kama maili 1,000, yaani kilomita 1,600. Wiki mbili kamili ni wastani wa kilomita 114 kwa siku, bila siku ya kupumzika hata moja. Watu wameikimbilia njia hii miaka mingi. Mwaka 1886 kijana wa miaka 19, George Pilkington Mills, alitumia siku 5 na saa 1 na dakika 45, tena juu ya ile baiskeli ya kizamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Mwaka 2018 Michael Broadwith alimaliza kwa saa 43 na dakika 25. Hao waacheni, ni viumbe vingine. Sisi tunazungumzia mtu wa kawaida, anayebeba boksi usiku, mwenye kitambi cha wastani, aliyeomba likizo ya wiki mbili na bosi akampa kwa shingo upande.

Sasa niwasimulie aibu yangu.

Mwaka ule nilianza na kununua. Nilinunua baiskeli nyepesi, mabegi manne ya pembeni, hema, jiko la gesi, viatu vya kubana kwenye pedeli, kaptura zenye sponji matakoni, na kikompyuta cha kuonyesha njia. Kila boksi lilipofika mlangoni nilijisikia nimepiga hatua. Mke wangu aliniuliza, "Hivi baba, safari ni ya kwenda au ya kufungua maboksi?" Nikaona haelewi mambo haya. Mazoezi niliyafanya Jumapili tu, kilomita 60, siku moja hata 80, baiskeli tupu, chupa ya maji na ndizi mfukoni. Nikirudi nalala mpaka Jumatatu jioni, naingia kazini usiku, napumzika wiki nzima. Nikajiambia, kama naweza 80 Jumapili, basi kila siku 100 itakuwaje shida?

Nikachangisha. Shule ya msingi niliyosoma, mkoani Shinyanga, ilikuwa na watoto wanaokaa sakafuni. Nikasema nitaendesha baiskeli Uingereza nzima, kila maili moja mtu achangie anachoweza, tununue madawati. Watanzania wa hapa wakajitoa, na Wakenya wawili watatu, na wenzangu wa ghalani. Ahadi zikafika paundi 1,340. Mwalimu mkuu nikampigia simu kwa furaha. Na yeye, kwa kuamini neno la mtoto wa shule yake aliye majuu, akamwita seremala. Seremala akachukua mbao kwa mkopo, akaanza kuranda. Hilo sikulijua wakati ule.

Nilishuka Penzance kwa treni, nikaenda Land's End, nikapiga picha pale kwenye kile kibao. Siku ya kwanza Cornwall ilinishika koo. Mtu akikwambia milima iko Uskoti mwambie akapande kwanza Cornwall na Devon. Vilima vyake ni vifupi lakini vimesimama kama ukuta, unapanda, unashuka mpaka mtoni, unapanda tena, kutwa. Kule Uskoti barabara nyingi hupanda kidogo kidogo, unapata muda wa kupumua. Baiskeli yangu tupu ilikuwa nyepesi kweli. Na mzigo wa kilo 24 nyuma yake ikawa kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Ndani ya ule mzigo kulikuwa na suruali mbili za jinzi, viatu vya akiba, sufuria mbili na, msinicheke, kilo 2 za sembe. Nilipanga kusonga ugali kambini. Nililala karibu na Bodmin bila hata kuwasha jiko.

Siku ya pili goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele. Mchana spoki moja ya gurudumu la nyuma ikakatika, gurudumu likaanza kucheza ngoma na kusugua breki. Sikuwa na spoki ya akiba, na hata ningekuwa nayo nisingejua kuibadilisha. Nilifika Okehampton usiku. Siku ya tatu nikasukuma baiskeli zaidi ya kuiendesha mpaka Exeter, nikapanda treni, nikarudi nyumbani. Siku tatu! Kati ya kumi na nne!

Katika jumuiya utani ulikuwa mwingi, na utani nauweza. Mzee mmoja kila akiniona ananiuliza, "Vipi, umeshafika Devon?" Kilichonitesa ni simu ya mwalimu mkuu wiki ile ile, akinitumia salamu za seremala kwamba madawati kumi na mawili yako tayari na anaulizia malipo. Watu wengi walikuwa wameahidi kwa maili. Wakalipa kwa maili nilizokwenda, na ni haki yao. Zilizobaki nililipa mimi. Nilifanya zamu za ziada kuanzia Septemba mpaka Februari, usiku wa baridi, kwa deni nililojitengenezea kwa mdomo wangu. Na madawati yale bado yalikuwa nusu tu ya yaliyotangazwa.

Nilipompigia baba mdogo kumweleza, niliamka vizuri, "Shikamoo baba," nikamwaga hadithi yote. Baba mdogo huyu miaka ya 80 na 90 alikuwa akibeba michembe kwa baiskeli kutoka kijijini kwenda kuuza Shinyanga mjini. Kwa wasiojua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, chakula cha njaa na cha starehe kwetu usukumani. Alikuwa na Phoenix ya Mchina, nyeusi, fremu ya chuma, keria aliyoiongezea nondo kwa fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja:

"Mwanangu, huo mzigo uliufunga lini mara ya kwanza?"

Nikasema asubuhi ya kuondoka.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi gunia zima sikulibeba mwaka wa kwanza."

Ndipo akanieleza jinsi alivyoanza na nusu gunia mpaka mnadani na kurudi, akazoea jinsi baiskeli inavyoyumba. Akajifunza kufunga chini na katikati, maana ukifunga juu au nyuma sana gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unakuzungusha. Akaongeza mzigo kidogo kidogo. Akajua kwenye mlima upi ashuke asukume bila kuona haya. Alikuwa anabeba spoki tatu zimefungwa kwa raba kwenye fremu, solusheni, viraka na pampu. Akawa anaondoka alfajiri, anasimama njiani kunywa uji kabla hajasikia njaa. Mambo haya yote niliyaona kwa macho yangu nikiwa mtoto, nimekaa juu ya keria ile ile, halafu nikaja Ulaya nikayatafuta dukani.

Hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Sisi wa Shinyanga tumekua na baiskeli. Mji ule teksi yake ilikuwa baiskeli. Kule mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia na Malaba, neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli kabla pikipiki hazijaingia. Barabara zinazoingia Dar es Salaam zimejaa miaka yote vijana wenye magunia ya mkaa, mzigo mzito kuliko wao wenyewe. Hata baiskeli za Raleigh tulizozisikia tangu babu zetu zilitengenezwa hapa hapa Nottingham ninapoishi, kiwanda kikafunga kazi mwaka 2002. Lakini ukimtumia ndugu yako picha upo juu ya baiskeli ukiwa Uingereza, anakupigia simu kwa huruma, "Vipi, umefulia? Gari umeuza?" Tumeiweka baiskeli kwenye fungu la umaskini, kwa hiyo tunapoirudia tukiwa huku tunataka irudi kama kitu kingine, cha bei mbaya. Ndiyo maana swali la kwanza la kijana wangu ni baiskeli gani, na hakuna hata mmoja wetu anayemwuliza mjomba wake aliyebeba mkaa miaka kumi.

Haya, tuje kwenye maandalizi yenyewe, jinsi nilivyoyafanya mara ya pili kabla ya safari ya 2024.

Jambo lililobadilisha kila kitu ni siku za kufuatana. Kilomita 100 siku moja si kipimo cha safari ndefu. Kipimo ni kilomita 70 leo, 70 kesho, na kesho kutwa uamke tena ukae kwenye siti ile ile na matako yale yale. Siku ya kwanza mwili unatumia akiba. Ya pili unalalamika. Ya tatu ndiyo inakuonyesha ukweli, kwa sababu hapo ndipo siti mbaya inapotoa kidonda, goti linaposema, na usingizi mbovu unapodai chake. Mimi nilianza Novemba, kilomita 20 na mzigo wa kilo 5, nao ulikuwa mchele kwenye mabegi. Kila wiki mbili naongeza kilo 2 au kilomita kidogo, siyo vyote kwa pamoja. Kufika Machi nilikuwa nakwenda Matlock na kurudi, kule kwenye vilima vya Derbyshire, Jumamosi na Jumapili mfululizo na mzigo kamili. Aprili na Mei nilifanya siku tatu mfululizo mara mbili, nikalala kwenye hema usiku wote. Mara ya kwanza mvua ilinyesha kutwa, nikagundua begi moja linavuja. Afadhali lilivuja kilomita 40 kutoka nyumbani.

Kwa sisi wa zamu za usiku kuna tatizo ambalo vitabu vya wenzetu havilisemi. Mwili wa mtu aliyetoka kazini saa moja asubuhi si mwili wa kufanya mazoezi barabarani. Nilijaribu mara moja, nikasinzia juu ya baiskeli, nikajikuta kwenye majani. Tangu siku ile sikuendesha tena bila kulala saa sita. Ikibidi kukosa zoezi, kosa. Afadhali zoezi moja lipotee kuliko ugongwe na lori.

Goti. Wengi tunakaa chini mno, tunapenda miguu yote ifike ardhini tukiwa tumekaa kama kwenye stuli. Siti ikiwa chini goti linakunjwa sana kila mzunguko, na kwa siku moja miguu inazunguka maelfu ya mara. Kipimo rahisi: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Halafu ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo. Mimi nilipandisha siti karibu sentimita 3 na maumivu yakaisha wiki ileile. Sababu nyingine ni kunyonga gia nzito kwa ubabe. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka haraka, mara 70 au 80 kwa dakika, hata kama unaonekana kichekesho na wazee wanakupita. Na hapo ndipo fedha kidogo inapostahili kutumika: gia nyepesi kweli za kupandia mlima ukiwa na mzigo.

Na chakula! Hapa nina mengi. Mara ya kwanza nilikuwa nakula nikisikia njaa, na kwenye baiskeli ukishasikia njaa umechelewa. Akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini, kwa kazi nzito, huisha ndani ya saa mbili hivi. Ikiisha, mtu mzima unakaa kando ya barabara unatetemeka na hata hasira inakupanda bila sababu. Unahitaji kama gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, tangu saa ya kwanza. Ndizi moja ya kawaida ina kama gramu 25. Vitu vitamu vya kwenye pakiti vinavyouzwa kwa waendesha baiskeli vilinivuruga tumbo, na bei yake ni wizi. Nilihamia kwenye chapati. Chapati ya mke wangu iliyopakwa siagi ya karanga na kukunjwa inakaa mfukoni kutwa nzima. Tende nazo, na maandazi kwa siku mbili za mwanzo. Jioni wali mwingi. Chumvi usiogope, maana jasho linaitoa hata kwenye baridi. Lakini yote haya ukale kwenye mazoezi kwanza, kwa sababu tumbo nalo lina tabia zake.

Ufundi ni wa lazima lakini hauchukui muda mrefu. Jioni moja nilikaa sebuleni, nikatoboa tyubu yangu mwenyewe kwa sindano, nikaziba, nikatoboa tena, nikaziba. Mara kumi. Jioni nyingine nikakata cheni nikaiunga. Nikajifunza kubadilisha spoki ya nyuma upande wa cheni, ambazo ndizo hukatika zaidi kwa sababu zimekazwa kuliko za upande wa pili. Gurudumu la nyuma nikalibadilisha kabisa, nikaweka lenye spoki 36. Baiskeli yenyewe? Ya mitumba, fremu ya chuma, paundi 280, matundu ya keria nyuma na mbele. Ile nyepesi niliiuza kwa hasara. Fikirieni wenyewe, unalipa mamia ya paundi kupunguza kilo 2 kwenye fremu, halafu unabeba kilo 2 za sembe.

Mzigo niliushusha kutoka kilo 24 hadi 14. Baada ya kila zoezi la kulala nje nilitandaza vitu vyote sakafuni, nisichokigusa hakirudi begini, isipokuwa koti la mvua, dawa na vifaa vya ufundi.

Mengine nayataja harakaharaka. Gizani sheria inadai taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Helmeti si lazima kisheria lakini vaa. Usiingie barabara kuu za kasi, baiskeli haziruhusiwi. Wengi huanzia kusini kwa sababu upepo wa nchi hii huvuma zaidi kutoka kusini magharibi, ukusukume mgongoni. Nafasi ya baiskeli kwenye treni ya kwenda Penzance ikatiwe mapema, na ya kurudi kutoka Wick vilevile, kwa kuwa treni za kule ni chache. Kulala porini Uskoti kunaruhusiwa na sheria ya 2003 ukiwa mstaarabu, ingawa kuna maeneo ya Loch Lomond yanayohitaji kibali kuanzia Machi hadi Septemba. England kwa kawaida lazima mwenye ardhi akubali. Palipo tofauti ni Dartmoor, ambako Mei 2025 Mahakama ya Juu ilithibitisha haki ya watu kupiga hema kwenye ardhi za malisho ya pamoja. Na wale wadudu wadogo wa Uskoti majira ya joto, wanaouma kama wamelipwa! Beba chandarua cha kichwani.

Najua watakaonipinga. Kuna rafiki yangu mmoja anasema maandalizi yote haya ni uoga, ondoka tu, mwili utajizoesha njiani. Na yeye si mwongo. Aliondoka hivyo hivyo miaka ya nyuma, akaendesha kilomita 30 siku ya kwanza, 40 ya pili, akapumzika alipotaka, akamaliza wiki saba baadaye akiwa kakomaa kama chuma. Ila alikuwa hana kazi wakati ule na hana mtoto. Sisi wengine tuna likizo ya kuhesabu. Sheria inatupa siku 28 kwa mwaka pamoja na sikukuu, na ndani ya hizo kuna kwenda Bongo kumwona mama. Mtu mwenye siku 14 na tiketi ya treni ya kurudi hawezi kutumia wiki ya kwanza kujenga miguu. Na aliyechukua ahadi za watu ndiyo kabisa.

Hilo la fedha ndilo litakalonigombanisha na wengi. Mara ya pili nilikataa kuchangisha kabla. Nilimaliza kwa siku 15, moja zaidi ya nilizopanga, kwa sababu upepo wa Caithness ulikataa kunisukuma, ukanipiga usoni siku nzima. Nilipofika John o'Groats kulikuwa na mvua, basi moja la watalii, na mimi. Nilipiga picha, nikala chipsi. Nikarudi nyumbani, ndipo nikawaambia watu: nimekwenda maili 1,012, shule bado ina watoto sakafuni, anayetaka kuchangia achangie. Zilipatikana paundi 610. Chini ya nusu ya ahadi za mara ya kwanza. Wadau wakaniambia, unaona? Watu huchangia msisimko, safari ikishaisha nani atoe? Inawezekana kabisa wako sahihi. Ila zile 610 zilikuwa mkononi wakati nampigia mwalimu mkuu, na seremala alipoambiwa aanze aliambiwa na nusu ya malipo juu ya meza.

Kwa kijana wangu wa vyoo hali ni ngumu zaidi, maana ameshatangaza. Ushauri wangu ni kwamba awaandikie wachangiaji leo, aseme safari imesogea mpaka Agosti, au hata mwakani. Wachache watakasirika. Na asimwambie mtu yeyote kijijini aanze kuchimba. Zile paundi 1,800 akate 400 za baiskeli ya mitumba, gurudumu na siti, nyingine aziache benki. Nyie mwasemaje? Kama kuna aliyemaliza njia hii kwa wiki kumi za mazoezi kutoka maili 4, ajitokeze, nitamsikiliza kwa adabu zote.

Na wewe mdogo wangu, kama unasoma hapa: Jumamosi hii natoka nyumbani saa moja asubuhi, naelekea Matlock, nalala, narudi Jumapili. Njoo na baiskeli hiyo hiyo unayokwenda nayo kazini. Mabegi nitakuazima. Mchele wa kujazia ninao, chapati zitakuwepo.